Aliyenisugua shingo kwa pamba mbele za watu, safari hii amevuka mpaka!

MWENYE SHINGO: Wakuu, sitamtaja, kwa sababu hakuna asiyemfahamu: ni yule bingwa wa ngozi ambaye shahada yake ni kioo na simu, anayemtibu hata mtu aliyeingia kuuliza njia. Leo hii, mbele ya foleni ambayo kwa hesabu ya hasira zangu ilifika mwezini, alinishika kidevu, akachovya pamba kwenye spiriti, akanisugua shingo yangu yenye weusi kama anayesugua sufuria iliyoungua, huku akitangaza kwa sauti ya mpiga mbiu: "Huu si ugonjwa, bibie. Hii ni taka."

Pamba ikatoka nyeupe. Narudia kwa faida ya waliochelewa: pamba ilitoka nyeupe! Akaitazama, akawaonyesha watu, kisha akasema kwamba taka yangu imeganda.

Weusi huu wa shingoni na kwapani, ulio mnene na laini ukiupapasa, mara nyingi hutokea mwili unapoikaidi insulini, homoni inayodhibiti sukari, kongosho ikalazimika kuizalisha kwa wingi, na wingi huo ukachochea seli za ngozi kuongezeka. Mtu mwenye akili angeniuliza kama nimepima sukari, kwa kuwa huenda kisukari kinanyemelea, na angeniambia kwamba aliye mnene akipunguza uzito, weusi nao huweza kufifia. Yeye aliniuliza kama nyumbani kuna maji. Imeganda!

SHOKA BUTU: Pole sana, mleta mada. Hata hivyo, nimeusoma uzi wako mara mbili na bado hujatueleza kama kweli ulikuwa umeoga.

MWALIMU WA ZAMU: Tusimwonee bingwa kwa kila kitu. Ipo hali ambayo ngozi hujitanda tabaka la hudhurungi linalofanana na uchafu, halitoki kwa sabuni hata mtu aoge mchana kutwa, lakini hufutika kwa pombe ya isopropili, aina ya spiriti, ya asilimia 70. Kwa hiyo kujaribu kwa pamba ni jambo linalofanywa hata na madaktari. Tofauti ni kwamba pamba ikitoka nyeupe, daktari huachana na wazo hilo na kutafuta chanzo kingine.

MWENYE SHINGO: Umesikia mwenyewe, mkuu. Huachana nalo! Huyu aliisogeza pamba ile hadi kwa mtu wa mwisho kwenye foleni ili naye ajionee taka isiyoonekana.

MAMA MABAKA: Dada, wewe ulisuguliwa pamba ukaenda zako. Mimi baada ya ujauzito nilibaki na mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo, yale yanayochochewa na homoni, jua na urithi, na ambayo huweza kumpata hata anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango. Bingwa huyo huyo akanikorogea kopo lisilo na orodha ya viambato. Uso ukang'aa upesi mno, watu wakanisifu, kisha ukaja weusi wa kijivujivu ambao daktari wa ngozi alisema ni matokeo ya haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, iliyopakwa kwa muda mrefu bila usimamizi, pamoja na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, iliyoifanya ngozi yangu iwe nyembamba. Na hapo nashukuru haikuwa zebaki, ambayo hupenya ngozi na kuharibu figo. Nchi zilizoridhia Mkataba wa Minamata wa 2013 wa kudhibiti zebaki zilikubaliana mwaka 2023 kuviondoa kabisa vipodozi vilivyotiwa zebaki ifikapo 2025, lakini sidhani kama bingwa wetu husoma mikataba.

NDEVU KIPILIPILI: Akina mama mna bahati, mna mtu mmoja wa kumlaumu. Mimi kinyozi wangu hunyoa mpaka kwenye mfupa, nywele zikajikunja na kurudi ndani ya ngozi, vipele vikavimba, na kila kipele kikaniachia doa. Doa la juujuu hufifia kwa miezi kadhaa, ila melanini, yaani rangi ya ngozi, ikishadondokea tabaka la chini huweza kukaa miaka. Nikimwambia aache nywele fupi badala ya kung'oa roho, ananiuliza nani ni kinyozi kati yetu.

SHOKA BUTU: Wote mnajisumbua. Pakeni limau.

MAMA MABAKA: Limau huunguza ngozi, hasa ikikutana na jua, na pale palipoungua ndipo doa jipya huota! Mimi daktari alinipa asidi ya azelaiki, ambayo hata mjamzito huweza kuruhusiwa kuitumia, tofauti na tretinoini, dawa ya ngozi ya jamii ya vitamini A, halafu akasisitiza krimu ya kinga ya jua kila siku. Tena alitaka ile yenye rangi iliyotiwa oksidi ya chuma, kwa kuwa mabaka haya huchochewa pia na mwanga wa kawaida tunaouona, ambao kinga nyingi zisizo na rangi haziuzuii vya kutosha.

NDEVU KIPILIPILI: Hiyo yenye rangi ndiyo malalamiko yangu makuu. Waliotengeneza rangi zake hawajawahi kumwona mtu mweusi. Nilipaka nikaingia kazini, wakaniuliza nimefiwa na nani.

MWENYE SHINGO: Wakuu, naomba turudi kwenye pamba.

MDOMO MZITO: Samahani kwa kuingilia. Doa langu ni la mviringo, liko mdomoni, na kila nikimeza dawa zenye salfa linawaka upya pale pale, kisha linabaki jeusi kuliko awali. Daktari alinieleza kwamba ni mzio wa dawa na akanikataza kuzimeza tena. Mke wangu anashikilia kwamba nimebusiwa.

SHOKA BUTU: Mleta mada, tupishe kidogo. Ndugu Mdomo, ulimpa ushahidi gani?

MDOMO MZITO: Nilimwonyesha karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya kisanduku cha dawa. Anasema nimeichapisha mwenyewe.

MWALIMU WA ZAMU: Na busu lenyewe, kwa maoni yake, lilikuwa la nani?