Leseni zinagongana, na kuna harufu ya hataza (patent): viongozi wa mradi waambiweje?

mwanagenzi_C
Wakuu, naomba msaada kwenye tuta. Maktaba ya msimbo yenye leseni ya Apache 2.0 ina faili mbili za C ambazo vichwa vyake vinasema leseni ni GPL toleo la 2 pekee. Halafu kuna mchangiaji ameandika hadharani kwamba kanuni ya kubana picha "huenda ina hataza ya mtu". Programu imeshaingia Debian (mfumo huria wa uendeshaji). Nifungue tiketi (ripoti ya tatizo) ya wazi, niwaandikie viongozi faragha, au nianze na Debian?

bawabu_wa_ripo
Hayo ni mambo mawili, usiyatie kwenye ujumbe mmoja. La leseni liweke wazi, la hataza lipeleke kimya.

Anza na ushahidi. `git log --follow -- src/faili.c` itakuonyesha komiti (badiliko lililohifadhiwa) iliyoleta faili na tarehe yake. Kisha tafuta faili ilikotoka, uzilinganishe kwa `diff`. Mara nyingine mwandishi wa mwanzo alitoa leseni mbili na aliyenakili akabakiza moja, au maneno "au toleo lolote la baadaye" yalikatwa. Maneno hayo machache yanabadilisha kesi nzima: kwa msimamo wa FSF, taasisi inayotunga leseni za GPL, Apache 2.0 haipatani na GPL 2, lakini msimbo wake unaweza kuingia kwenye kazi ya GPL 3.

Kwenye tiketi taja njia ya faili, komiti, nukuu ya kichwa na matoleo yaliyokwisha kutoka nayo. Omba uamuzi mmoja: faili ziondolewe, ziandikwe upya na mtu ambaye hajazisoma, au mwenye hakimiliki aombwe leseni nyingine. Usiandike "mnavunja sheria". Watu wakishajihami, tiketi inageuka ligi.

sheria_na_msimbo
Naongezea upande wa hataza, maana ndiko watu wanakoumia. Marekani, anayekiuka hataza kwa kujua anaweza kutozwa fidia hadi mara 3. Kwa hiyo kila "huenda" inayobandikwa hadharani inaweza kuja kutumika kuonyesha kwamba mradi ulijua. Debian kwa sababu hiyo inawaomba wachangiaji wake wasijadili hataza kwenye orodha za wazi. Ina anwani maalum ya barua pepe kwa kazi hiyo. Mazungumzo na wakili yana kinga ya usiri, ya kwenye orodha ya wazi hayana.

Barua yako ya kwanza iwe mistari mitatu: kuna suala la hataza, linagusa sehemu fulani, nani alipokee? Usiweke namba ya hataza wala uchambuzi wako. Na yale maoni ya mchangiaji usiyafute kwa uamuzi wako: arifa zimeshatoka kwa barua pepe, na kufuta kutaonekana ni kuficha.

Angalia pia kama mradi una mwavuli wa kisheria. Debian, kwa mfano, inatumia SPI, shirika lililosajiliwa New York, ambalo ndilo linalomiliki alama yake ya biashara. Mradi wa watu watatu usio na mwavuli hauna wakili wa kumpelekea barua hiyo.

mwanagenzi_C
Asanteni. Wakisema "toleo limekaribia, tutaangalia baadaye"?

bawabu_wa_ripo
Wakumbushe kifungu cha 4 cha GPL 2: ukikiuka, haki zako zinakoma papo hapo. Ile nafasi ya siku 30 ya kurekebisha kosa la kwanza baada ya taarifa ililetwa na GPL 3 mwaka 2007; faili zenu za toleo la 2 pekee haziipati, labda mwenye hakimiliki aikubali mwenyewe.

Wakinyamaza bado, ripoti hitilafu Debian dhidi ya kifurushi, ukali `serious`, ukiambatisha kiungo cha tiketi. Kiwango hicho kinaweza kukiondoa kifurushi kwenye testing, tawi linaloandaliwa kuwa toleo lijalo. Kagua na `debian/copyright`, faili inayoorodhesha hakimiliki na leseni za kifurushi, kama inazitaja zile faili mbili. Orodha ya debian-legal hutoa ushauri tu. Kifurushi kukubaliwa au kukataliwa ni kazi ya ftpmaster, timu inayosimamia hifadhi ya vifurushi.