Tumelipia kriketi siku zote 5, siku ya kwanza tu mwenye ukumbi kageuza chaneli. Hela zetu zirudi!

Wakuu, mods naomba msiuhamishie huu uzi kule kwenye matangazo, haya ni malalamiko na yanahusu hela za watu.

Kuna ukumbi wa kuonyeshea mpira huku Kirumba, jina silitaji kwa leo maana nataka kwanza nione kama bosi atarudisha chetu. Sisi mashabiki wa kriketi hapa Mwanza sio wengi lakini tupo. Wapo wazee wa Kihindi wa mjini waliozaliwa hapa hapa, kuna vijana walioanzia shuleni, na tupo sisi wa jumapili tunaocheza na mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu. Tumehangaika mda mrefu sana kupata sehemu yenye skrini kubwa na kifurushi chenye chaneli ya kriketi, maana kustrimu kwa simu bando linakata hata ova kumi (ova ni mipira sita) hazijafika, na wengi nyumbani hatuna hicho kifurushi kwa sababu ni cha juu.

Sasa mechi yenyewe ni India wako Australia, test (mechi ndefu ya kriketi, hadi siku 5) ya kwanza ya Border-Gavaskar, kombe wanaloshindania hao wawili, imeanza leo Ijumaa tarehe 22 Novemba 2024 kule Perth. Safari hii ni test 5, mara ya mwisho hawa wawili kucheza 5 kwenye mfululizo mmoja ilikuwa 1991-92, yaani wengine humu hatujazaliwa. Na India wametoka kupigwa 3-0 kwao na New Zealand, nahodha Rohit Sharma hayupo kwa sababu kapata mtoto, mrushaji Bumrah ndo kashika timu. Wakongwe Ashwin na Jadeja wote wawili hawajapangwa! Kwa mtu anayefuatilia huu mchezo hii siku ya kwanza uliisubiri kama wengine wanavyosubiri Simba na Yanga.

Tukakubaliana na bosi wa ukumbi, kila mtu elfu kumi, siku zote 5, kalipwa mkononi mbele ya watu. Na tulimweleza vizuri kabisa, tukamwambia bosi test siku moja ni kutwa nzima ya kule, kwa saa zetu inaanza saa 11:20 alfajiri mpaka saa sita na nusu mchana hivi, katikati wana mapumziko mawili, la chakula na la chai, wakitoka uwanjani usiguse rimoti, wanarudi. Tena mzee wetu mmoja alimuandikia kwenye karatasi muda wa kila kipindi akaibandika pembeni ya TV. Jibu lake lilikuwa "wazee wangu hii biashara sikuianza leo, hela yenu iko salama".

Basi watu tumeamka saa kumi usiku. Mtu katoka Buswelu kwa bodaboda, mwingine katoka Igoma, saa hizo daladala hakuna na boda ya usiku mnaijua bei yake. Tumefika kafungua, mpira wa kwanza tumeuona, hapo sina lawama naye. India ndo wameanza kupiga: Jaiswal sifuri, Padikkal kasimama mipira 23 katoka na sifuri, Kohli 5, na dakika chache kabla ya chakula wakampa nje (katolewa) KL Rahul kwa ile rivyuu ya video ambayo mpaka sasa hivi naandika sikubaliani nayo, gongo lake la kupigia lilikuwa linagonga pedi yake wakati huo huo mpira unapita, refa wa uwanjani alisema sio nje, sasa yule wa kwenye TV kageuza kwa ushahidi gani? Tumebishana mapumziko yote, wazee wakisema ni nje vijana tukisema sio, chapati zimeliwa, chai imenyweka, India mikimbio (alama) 51 kwa wiketi 4, yaani wapigaji 4 wametolewa. Nawaambia ule ukumbi asubuhi ile ulikuwa mtamu. Kipindi cha pili Pant kapambana, na yule kijana Nitish Reddy mechi yake ya kwanza kabisa ya test kapiga 41, ndo mikimbio mingi kuliko wote kwenye timu. Wakatolewa wote kwa 150, Hazlewood wa Australia kala wiketi 4, na hapo hapo ikawa mda wa chai.

SASA HAPO.

Ni saa nne na kitu asubuhi, wachezaji wametoka uwanjani, bosi kachukua rimoti kageuza. Kaweka kipindi cha uchambuzi, watu wanne wamekaa mezani wanazungumzia kocha mpya wa Yanga. Uchambuzi, sio mechi! Tukamwambia bosi rudisha, wanarudi saa nne na dakika 20. Akasema "si wametoka wote kumi? Mechi imeisha hiyo". Mzee akainuka taratibu kabisa akamwelekeza, mwanangu hao waliotoka ni wa timu moja, sasa inaingia Australia kupiga, angalia karatasi niliyokuandikia. Bosi hata hakuitazama ile karatasi. Akasema wateja wake wa mikeka wameanza kuingia na wao hawawezi kuangalia watu wamesimama tu kwenye majani kutwa nzima.

Wale wateja wa mikeka siwalaumu, wengine hata walisema tuachiwe tumalizie, ni yeye ndo kakataa. Kamjibu mzee wa watu mwenye umri wa baba yake kwamba kama hataki aende akaangalie kwake. Mzee kachukua chupa yake ya chai na fimbo yake katoka nje bila kusema neno, na hapo ndo nilipopandisha, nikasema unalipwa na watu alafu unamfukuza mzee? Nikaambiwa nisilete fujo kwenye biashara ya watu.

Na mjue tulichokosa. Yale masaa mawili tuliyokosa ndo yalikuwa test yenyewe! Tumesimama nje juani, watu wazima, tumezunguka simu moja tunasoma maandishi, kila baada ya dakika linakuja neno WICKET na intaneti inazunguka huwezi kujua ni nani. Bumrah kamtoa McSweeney, naye ilikuwa mechi yake ya kwanza. Alafu kamtoa Khawaja, mpira unaofuata kamtoa Steve Smith kwa mpira wake wa kwanza, mguu mbele ya wiketi (mguu umezuia mpira uliokuwa unaenda kwenye vijiti), wawili kwa mipira miwili! Mimi hiyo nimeisoma. Kohli kaangusha ketchi ya Labuschagne nimeisoma. Labuschagne huyo huyo kakaa mipira 52 kwa mikimbio 2, Harshit Rana naye kijana mpya kavunja vijiti vya Travis Head, yote nimeisoma kwenye kioo kilichopasuka cha simu ya mtu mwingine. Siku imeisha Australia 67 kwa 7, Bumrah ana wiketi 4 kwa mikimbio 17. Wiketi 17 kwa siku moja, siku ya kwanza ya test kule Australia haijaona wiketi nyingi hivyo toka 1952. Na sisi tuliolipa, tuliotoka majumbani usiku, 7 kati ya hizo hatujaona hata moja.

Msiniambie "utaona hailaiti". Hailaiti ya Bumrah ni mpira unagonga pedi basi. Huoni zile ova za kabla yake, huoni alivyomvuta mpigaji mpira kwa mpira mpaka akamweka pale alipomtaka. Mtu anayependa test anapenda hicho ndo maana anaamka saa kumi.

Tumerudi saa saba kudai hela. Kwanza kasema tumekaa toka alfajiri tumemaliza umeme wake. Alafu kasema tutakuja kwenye mechi za EPL wikiendi bure, tufidiane. Mimi sijaomba EPL! Alafu akasema neno ambalo ndo limenifanya nifungue huu uzi, eti kriketi ni mchezo wa Wahindi, sisi Waswahili tunajifanya tu. Aisee. Uganda hapo ng'ambo, ziwa letu ni hili hili moja, mwezi wa sita mwaka huu wa 2024 walikuwa Kombe la Dunia la T20 (kriketi fupi ya ova 20), wakaifunga Papua New Guinea, na Frank Nsubuga, mtu mzima wa miaka 43, karusha ova zake 4 katoa mikimbio 4 tu na wiketi 2. Kenya walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003. Hao wote walikuwa wanajifanya? Na hata ingekuwa ni mchezo wa Wahindi peke yao, wale wazee elfu kumi yao ina rangi gani? Wamezaliwa Mwanza, wamezeeka Mwanza, wakilipa wapewe walicholipia, basi.

Ninachodai kwa bosi, na najua humu wapo wanaomfahamu na watamfikishia: elfu kumi ya kila mtu irudi yote, sio nusu, kwa sababu makubaliano yalikuwa siku 5 na wewe umeyavunja siku ya kwanza. Na yule mzee aombwe radhi, uende kwake mjini mwenyewe, usimtume mtu. Ikifika jumatatu hujafanya nakuja hapa naandika jina la ukumbi na mtaa, na twende serikali ya mtaa, mashahidi wapo na majina ya waliolipa tunayo kwenye daftari.

Mengine ni ya haraka wakuu, kesho Australia wanaendelea na wiketi 3 tu mkononi, Carey na Starc ndo wanaopiga, saa 11:20 alfajiri. Tunatafuta sehemu. Iwe Nyegezi, Mkolani, Pasiansi, Nyamanoro, hata sebuleni kwa mtu, sisi tunakuja na chai yetu na hela ya umeme tunachanga, ilimradi una hiyo chaneli na hutashika rimoti wakienda chai. Mzee nitamfuata mwenyewe na boda. Mwenye nafasi aandike hapa chini kabla ya saa nne usiku huu.