Tupeane uzoefu: siku ulipokataa chai kwa wakwe

MajiMoto: Jana mama mkwe kaja kutoka Bungoma. Nikamwekea chai, mimi nikashika kikombe changu cha maji moto na limau. Akanitazama vilevile alivyonitazama siku ya kwanza. Nyinyi mlipitaje hapo? Kwa wageni wa humu: sisi ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Neno la Hekima, sheria yetu ya afya, ni la 1833, chai ya majani, kahawa, pombe na tumbaku hatugusi. Ndiyo, hata ya maziwa. Tusirudie hilo swali.

Kangemi_Juu: Umenitonesha kidonda. Nilikuwa na wiki tatu tu tangu nibatizwe tulipoenda kwao kujitambulisha, Uthiru. Mama mkwe ameazima sufuria kubwa kwa jirani, kanunua pakiti nne za maziwa. Chai ikaja imeshafanya utando juu, mandazi pembeni, wazee sita wamenikazia macho. Nikasema, "Asante mama, mimi chai situmii." Kimya. Shangazi mmoja akanyanyuka, akachukua kikombe changu, akapiga funda mbele ya watu wote, akakirudisha mezani: "Haya, umeona hakuna dawa." Jasho likanitoka. Badala ya kusema ni imani, nikaropoka: "Daktari kanikataza. Ni figo."

Figo!

Jumatatu mchumba ananionyesha simu: ukoo umefungua kundi, "Matibabu ya mkwe wetu". Kufikia Jumatano zilikuwa 14,300. Babu yao, mzee asiye hata na kuku, alituma 200.

Nyakwezi: Hiyo 200 ya babu imenimaliza.

Tena_Tosti: Ulitoa zaka ya 1,430 au?

Ndugu_Mnyoofu: Tuwe makini na jina la Kanisa. Nelson, aliyekuwa Rais wa Kanisa, alisema tangu 2018 tusijiite Wamormoni.

Nyakwezi: Kwani nani kaandika hilo neno humu? Wa kwanza ni wewe.

MajiMoto: Jamani, mada ni chai.

Umoja_Dada: Wanaume mnalia kwa kukataa kikombe kimoja. Mimi ndiye naipika. Miaka tisa nachemshia wageni kitu nisichoonja. Najua imeiva kwa rangi na kwa jinsi inavyopanda kwenye sufuria. Mashemeji wanasema yangu ndiyo tamu kuliko zote.

Tena_Tosti: Si unywe ya kijani tu, ile haina neno.

Ndugu_Mnyoofu: Ina neno. Ni mmea uleule, na 2019 Kanisa lilifafanua: ya kijani na ile ya barafu zote ni chai.

Tena_Tosti: Na mchaichai?

Umoja_Dada: Mchaichai ni nyasi.

Tena_Tosti: Nyasi yenye chai mara mbili kwenye jina.

Rongai_Mwisho: Kwangu chai haikuulizwa. Baba mkwe ana wake wawili. Aliposikia dini niliyoingia akanikumbatia: "Kijana, sasa umepata akili." Kumweleza kwamba mitala iliachwa tangu 1890, na kwamba mwenye wake wawili ndiye asiyeweza kubatizwa, kulichukua soda tatu. Hajanielewa bado.

Nyakwezi: Ushauri wangu: pokea, shika, iache ipoe, mpe mtoto wa karibu.

Umoja_Dada: Usimpe mtoto wa watu chai uliyoikataa! Piga simu siku moja kabla, mwambie mama unapenda uji. Hakuna mama anayekasirikia mtu wa uji.

Rongai_Mwisho: Wengine wanakasirika. Unaonekana umekuja na menyu.

Nyakwezi: @Kangemi_Juu usitukimbie. Pesa ulirudisha?

Kangemi_Juu: Nilirudisha zote, nikaungama mbele ya wazee walewale. Babu alikataa 200 yake, akasema ninunue maziwa. Ila shangazi hakuamini, alidhani nawaficha ili wasihuzunike. Tulipofunga safari hadi Johannesburg kuunganishwa hekaluni, yaani kufungiwa ndoa ya milele, maana hekalu letu la Nairobi lilikuja kuwekwa wakfu Mei 2025, alitangaza ocha nzima kwamba nimeenda kubadilishiwa figo. Mpaka leo akinisalimia anauliza ile mpya inaendeleaje.