Naombeni ushauri: albamu kongwe, niendelee na ipi?

Wakuu, salaam. Siku hizi nasikiliza albamu za zamani nzima nzima, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. What's Going On ya Marvin Gaye (1971) kwangu haina mpinzani: nyimbo zinaungana, na kwenye ule uliobeba jina la albamu, besi ya James Jamerson inaongea na mwimbaji. Kind of Blue ya Miles Davis (1959) nayo imenishika. Mwanzoni mwa "So What" besi inauliza, piano inajibu, kisha tarumbeta na saksafoni. Exodus ya Bob Marley (1977) napenda upande wa kwanza, ule mzito, ingawa wengi husifu wa pili.

Ila Sgt. Pepper's ya Beatles (1967) hainigusi kabisa, ukiacha "A Day in the Life". Wanaoipenda, nielekezeni niisikilizeje. Na Franco na TPOK Jazz nianzie wapi? Nyimbo zao nyingi za miaka ya 60 zilitoka kwenye santuri ndogo, na makusanyo yako mengi. Lipi limepangwa vizuri na sauti yake ni safi?