Likizo ndefu ya kiangazi Minnesota: watoto wakae wapi, wafanye nini?

Kutoka: Mama Neema, Brooklyn Park

Hamjambo wote, na wakubwa shikamooni.

Tulihamia huku wakati wa baridi tukitokea Texas, kwa hiyo hiki ndicho kiangazi chetu cha kwanza Minnesota. Shule zinafungwa mapema Juni na hazifunguliwi mpaka Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi, ipite, Septemba. Nina watatu: wa miaka 12, wa 8 na wa 5. Mimi nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, baba yao anatoka alfajiri. Nikirudi nalala, nao wanashinda sebuleni na simu na televisheni. Kambi za watoto nimeuliza bei. Kwa watatu hatuziwezi. Kwetu Kakamega shule ikifungwa mtoto anapotelea nje hadi giza liingie, na kila mtu mzima anayepita ni mzazi wake. Hapa hata kuwaacha uani naogopa. Mliotangulia, mnafanyaje?


Kutoka: Baba Zuhura, Minneapolis

Dada Mama Neema, karibu sana. Nitaandika kirefu kidogo kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu.

Kabla ya bustani, kabla ya mpira, waandikishe watoto kujifunza kuogelea, tena wiki hii, maana nafasi zinajaa haraka. Jimbo hili lina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi, na mto Mississippi unapita katikati ya mji. Mwaliko wowote watakaoupata kiangazi hiki, uwe wa kanisani, wa siku ya kuzaliwa au wa rafiki wa shule, kuna uwezekano mkubwa utaishia kwenye maji. Mtoto asiyejua kuogelea atazuiwa nyumbani, au ataingia majini kwa kuona haya kubaki nyuma ya wenzake. Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi. Wengi wetu tumekulia bara, ambako mto ulikuwa wa kuteka maji na kufulia. Hata sisi wa Pwani si wote tuliojua. Wasichana wengi waliishia kulowesha miguu tu. Huwezi kumrithisha mtoto kitu usichokuwa nacho, kwa hiyo mtafutie mwalimu.

YMCA, vituo vya michezo na kuogelea vya jamii, wana punguzo la ada kulingana na kipato, na bodi ya bustani za Minneapolis nayo ina msaada wa ada. Hawatakuja kukutangazia, uliza kaunta, jaza fomu. Usione haya, fedha hiyo imetengwa kwa ajili ya familia kama zetu. Huyo wa miaka 12 omba awekwe na wa rika lake. Ukimchanganya na watoto wa miaka 5 darasa la kwanza, hatarudi darasa la pili.

Wasichana wengi wetu huachishwa kuogelea kwa sababu ya nywele, jambo linaloniuma sana. Kuna kofia kubwa za kuogelea zinazomeza rasta na nywele zilizosukwa. Kichwa kiloweshwe kwanza kwa maji ya bomba ili nywele zisinyonye klorini nyingi (dawa ya kuulia vijidudu bwawani), kisha zioshwe na kupakwa mafuta mara baada ya kutoka. Na kwa Waislamu wenzangu, burkini, vazi la kuogelea linalofunika mwili, zinavaliwa mabwawani hapa. Binti yangu anavaa na anaogelea vizuri kuniliko.

Mkienda ziwani, chagueni fukwe zenye waokoaji, na msome saa zao za kazi ubaoni, kwa sababu hawapo siku nzima. Hata wakiwepo, mtu mzima mmoja wa kwenu awe ndiye mtazamaji: simu mfukoni, macho kwenye maji, na baada ya robo saa anampokeza mwingine. Anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono. Anakaa wima, mdomo unazama na kuibuka, kisha kimya. Watu wanaweza kuwa wamekaa hatua chache tu kutoka hapo, wanakula, wasijue. Maziwa ya huku yana chini inayokatika ghafla. Mtoto amesimama maji ya kiuno, hatua moja mbele hakanyagi kitu. Yale maboya ya kupuliza ya mikononi ni ya kuchezea. Nunua jaketi la kujiokolea lililoidhinishwa na walinzi wa pwani wa Marekani, linalomtosha mtoto leo, si la kukulia. Ndani ya boti inayotembea, sheria ya Minnesota inamtaka kila aliye chini ya miaka 10 alivae.

Pa kuanzia karibu na kwenu ni Webber Park, kaskazini mwa Minneapolis. Kuna bwawa la umma lililofunguliwa 2015, maji yake yanasafishwa kwa mimea na changarawe bila klorini. Kuingia ni bure na waokoaji wapo. Kwa mdogo wa miaka 5, bustani za mji zina vidimbwi vya kina kifupi zaidi ya 60, navyo ni bure.


Kutoka: Bibi wa Rochester

Marahaba mwanangu Mama Neema.

Baba Zuhura amesema vema kuhusu maji. Mimi naongezea la kuwaacha watoto peke yao, maana najua wewe mwenye zamu ya usiku utafikiri kumkabidhi huyo wa miaka 12 wenzake. Mwongozo ambao kaunti za Minnesota hutumia kupima malalamiko unasema mtoto wa miaka 7 kushuka chini asiachwe peke yake hata kidogo; wa miaka 8 hadi 10 asizidishe saa 3; wa 11 hadi 13 asizidishe saa 12. Ujue hayo kabla jirani hajapiga simu. Zaidi ya mwongozo, binti wa miaka 12 naye yuko likizo. Tusimgeuze yaya.

Njia tuliyotumia sisi, nikilea wajukuu, ni kupeana zamu. Tulikuwa nyumba nne: Wakenya, Mtanzania mmoja, na familia ya Wakongo kutoka Bukavu. Kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kutoka na watoto wote, wengine wakalala au wakaenda kazini. Ukiwa na siku moja tu ya kuwajibika kwa juma, unaiweza hata ukiwa umechoka. Andikianeni mambo ya mzio, dawa, na namba za simu za wazazi wote wawili.

Chakula cha mchana kisiwazuie. Kiangazi kuna vituo kwenye bustani, shule na maktaba vinavyowapa chakula bure wote wa miaka 18 na chini. Hakuna fomu, hakuna kuulizwa kipato wala karatasi za uhamiaji. Mtoto anafika, anakula palepale. Tuliwapeleka saa sita, kisha wakaendelea na michezo hapohapo.

Na kupe! Juni ndio wamejaa, hasa kwenye majani marefu na kingo za msitu. Suruali ndefu, soksi juu ya suruali, dawa ya kufukuza wadudu. Jioni mkague mtoto nyuma ya masikio, kwenye nywele, makwapani, kiunoni, nyuma ya magoti. Ukimkuta kupe, mng'oe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, ukivuta moja kwa moja. Mambo ya kumchoma kwa kibiriti au kummwagia mafuta ya taa yaacheni. Kupe mdogo mwenye miguu myeusi ndiye anayeleta ugonjwa wa Lyme, na kwa kawaida huhitaji kung'ang'ania siku nzima au zaidi ndipo auambukize, kwa hiyo ukaguzi wa kila jioni unasaidia kweli. Upele unaotanuka au homa, mpeleke kwa daktari.


Kutoka: Mjomba Otis, Eden Prairie

Salamu kwa wote. Kwa huyo wa miaka 12 mimi nasema samaki. Mkazi wa Minnesota aliye chini ya miaka 16 hahitaji leseni ya kuvua. Fimbo ya bei ndogo, minyoo, na mmekwenda. Idara ya maliasili ya jimbo inapandikiza samaki kwenye mabwawa ya mjini na imejenga magati ya kuvulia, kwa hiyo huhitaji boti. Juni kuna mwisho wa juma ambao hata mzazi anavua bila leseni akiwa na mtoto wa miaka 15 au chini. Wapwa wangu walikuwa hawatoki chumbani. Sasa wananiamsha wao.

Kabla ya kukaanga, soma mwongozo wa idara ya afya kuhusu ziwa husika. Zebaki, madini yenye sumu, ipo kwenye samaki, na kiasi cha watoto ni kidogo kuliko chetu. Samaki wadogo ni salama zaidi kuliko wale wakubwa wa kupigia picha.

Asubuhi angalia pia hali ya hewa. Kiangazi cha 2023 moshi wa misitu ya Kanada ulifika mpaka hapa. AirNow, tovuti ya kupima uchafu wa hewa, ikionyesha zaidi ya 150, wachezee ndani, na mwenye pumu abaki ndani hata namba ikipita 100. Radi ikinguruma, tokeni majini na mngoje nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Maji yakiwa na rangi kama supu ya mchicha, msiingie. Kuna mwani wenye sumu.

Kingine: mwishoni mwa Juni jua linazama kama saa tatu usiku. Mama wa zamu akiamka saa tisa mchana, bado ana saa nyingi za mwanga kabla ya kwenda kazini.


Kutoka: Mama Neema

Asanteni sana, Mungu awabariki. Hilo la saa tatu usiku limenifungua macho, nilikuwa nahesabu siku yangu kwa saa za Texas na za nyumbani. YMCA nimewapigia leo na fomu ya punguzo nimeshaijaza. Neema mwenyewe amekubali kwa sharti la kofia kubwa.

Natafuta nyumba tatu za kupeana zamu, Brooklyn Park au Brooklyn Center, watoto wa miaka 5 hadi 13. Mimi nachukua Jumatano kuanzia saa tisa alasiri, gari langu lina viti saba. Mwenye nia aniandikie pembeni, na aseme kama watoto wake wanajua kuogelea au la, tujue tunaanzia wapi.


Kutoka: Baba Zuhura

Jumamosi hizi mbili zijazo nitakuwa Webber na wangu. Njooni, mtazamaji wa kwanza nitakuwa mimi. Leteni maji ya kunywa, mafuta ya kukinga jua na taulo za ziada, kivuli pale ni kidogo.