Binti kaitwa kusoma Fizikia: aende, au nimpeleke ufundi wa umeme?

Mama Mbaazi, Malindi
Assalaam aleikum, na wengine hamjambo. Nauza mahamri na mbaazi hapa Maweni, baba watoto ni mvuvi. Binti yetu wa pili amepata B+ kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, Fizikia A-, na KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, imempa digrii ya sayansi, Fizikia, miaka minne. Mashangazi zake wanasema heri diploma ya umeme, atoke na kazi mkononi.

Karo, kwa mkopo wa HELB na ufadhili, tutajikokota. Kinachonikosesha usingizi ni kulala na kula kwake. Chumba 4,000 kwa mwezi, chakula 5,000 akijibana. Miezi tisa ni 81,000, mara nne ni 324,000, nauli bado. Na kusi likivuma chombo hakitoki, nyumba nzima inategemea karai langu.

Lakini juzi taa ya sola ya jikoni ilizimika. Akaifungua kwa kisu cha kuparia samaki, akakuta waya umeota kijani kwa chumvi, akaukwangua mpaka shaba ikang'aa, huku akinieleza upepo wa bahari unavyoila. Taa ikawaka. Mtoto kama huyu namkatazaje? Digrii hii itamlipa?

Mwalimu wa Gongoni
Shikamoo mama. Nilipita njia hiyo hiyo. Nilimaliza digrii ya Fizikia nikidhani kazi inaningoja, nikakaa miaka miwili na nusu nikibeba bahasha. Mwisho nikarudi kusoma stashahada ya uzamili ya ualimu, mwaka mzima, karo ya mfukoni, maana TSC, tume ya walimu, haimsajili mtu mwenye digrii ya sayansi peke yake. Mwaka ule ndio ulioniuma kuliko minne ya kwanza.

Akiweza kubadilisha sasa, achukue Elimu ya Sayansi, Fizikia na Hisabati. Ni miaka minne ile ile, na anatoka mwalimu. Sikwambii TSC itamchukua siku ya pili. Wengi tunaanzia kuajiriwa na bodi ya shule, na pesa yake ni ndogo. Lakini walimu wa Fizikia tu wachache, mama. Kila muhula napigiwa simu na mkuu wa shule anayetafuta mmoja.

Fundi Sola, Mokowe
Mama, mimi ni wa diploma ya umeme, na nina leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, ya kufunga sola. Nafunga Lamu, Manda mpaka Pate. Wageni wakijaa nakula vizuri, wakiondoka nakaa. Usidhani huku ni mteremko.

Jambo moja watu hulichanganya: Fizikia si uhandisi. Kwa digrii hiyo hatasajiliwa na Bodi ya Wahandisi. Kama nia yake ni mitambo ya umeme, aombe uhandisi tangu mwanzo. Kama ni Fizikia yenyewe, aende, na likizo ya kwanza aje huku nimfundishe kufunga sola. Hiyo chakula ya chuoni ataanza kuitafuta mwenyewe.

Mwana wa Ngomeni
Mimi nilisoma Fizikia tupu, leo niko Nairobi kwenye bima, napiga hesabu za hatari. Hesabu nilizitoa darasani, ila kuandika programu nilijifunza usiku, peke yangu. Asiyeongeza kitu juu ya digrii hii hupata tabu, huo ni ukweli. Kuna pia fizikia ya tiba, kwenye mashine za kutibu saratani kwa mionzi, lakini huko lazima aongeze shahada ya pili. Na mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4, uwekeni kwenye hesabu.

Mama, kwetu Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco baharini, ikabeba setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza eksirei za angani. Iliitwa Uhuru, kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wetu. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ile, alipata Nobeli ya Fizikia mwaka 2002. Nimeyajua hayo nikiwa chuoni, na nimezaliwa pale pale! Mwambie binti.

Mama Mbaazi, Malindi
Marahaba mwalimu. Hilo la TSC hakuna aliyetwambia, hata shuleni kwake. Jioni nimemuuliza tukikanda unga. Kasema kufundisha hakumuudhi, kinachomuudhi ni kuiacha Fizikia. Ya Ngomeni nimemsomea, akaacha unga, akaniomba nisome tena.

Fundi, likizo ikifika nitamleta mwenyewe, ana mjomba Mokowe. Sasa kubadilisha kozi kunafanywa wapi?

Mwalimu wa Gongoni
Kwenye akaunti yake ya KUCCPS, dirisha la uhamisho likifunguliwa. Kwanza aangalie pointi zake za klasta, zile za masomo yanayotakiwa na kozi, zinafikia kozi anayoitaka, na asikae mpaka siku ya mwisho, mtandao hulemewa. Akikwama, mje Gongoni Jumamosi, nitakaa naye.