Notsi za bure za aljebra na kalkulasi, nishike ipi?

mchovu_wa_x
Wakuu salama? Naombeni msaada, niko mwaka wa kwanza, sasa hivi tuko kwenye aljebra na muhula ujao ni kalkulasi, hesabu nilikuwa nimeziacha muda mrefu kabla ya kuingia chuo kwa hiyo vingi vimeshafutika kichwani. Nimetafuta vya bure mtandaoni nimepata mpaka nimechanganyikiwa, simu imejaa PDF na sijamaliza hata sura moja, kila nikishika hiki naambiwa kile ndo chenyewe. Kuna tovuti nyingine ilijiita ya bure, nafika swali la tatu inanidai namba ya kadi. Sasa nauliza, ipi ni ya bure kweli na ina maswali yenye majibu? Na nikiruka aljebra niende kalkulasi moja kwa moja nitaumia?

chaki_nyeupe
Pole mkuu. Fungua Paul's Online Math Notes, ni za Paul Dawkins wa Lamar University huko Marekani, ziko wazi kwa kila mtu, hakuna kujisajili wala nini. Ina Aljebra, Kalkulasi I, II na III mpaka milinganyo ya difrenshali. Maswali yake yako mafungu mawili, kuna ya mazoezi ambayo suluhisho limefunuliwa hatua kwa hatua, halafu kuna mengine hayana suluhisho kabisa, hayo ni ya mwalimu kutolea kazi. Kuna na sehemu ya makosa ambayo watu huyafanya kwenye hesabu, isome leo leo, mimi nilijikuta humo karibu kila aya 😂

nusu_kipenyo
Ukiruka aljebra utaumia, tena vibaya. Wengi wanaofeli kalkulasi haijawafelisha kalkulasi. Chukua x² utafute derivativu yake, yaani mteremko wake, kwa njia ndefu, unaandika ((x+h)² − x²)/h. Hapo kalkulasi bado haijaanza, ni kufungua mabano tu, x² + 2xh + h² − x², zile x² zinaondoana, unabaki na 2xh + h², gawa kwa h unapata 2x + h, h ikielekea 0 (hiyo ndo limiti) jibu ni 2x. Sasa mtu aliyezoea kwamba (x+h)² ni x² + h² anabaki na h peke yake, anapata sifuri, eti mteremko ni sifuri kila mahali, halafu anakuja kulalamika limiti ngumu. Limiti ya watu imekosa nini hapo?

Jipime na hii: √(x+7) = x + 1. Tupe majibu usidanganye.

binti_integrali
Notsi za Paul nazikubali ila kwa mtu aliyesahau naona zinakimbia. Kama una subira ya kitabu chukua OpenStax, ni ya Rice University, wana cha College Algebra na Calculus yenye juzuu 3, PDF unadaunlodi bure na ni halali, bando likiisha unaendelea kusoma. Majibu nyuma ni ya namba witiri tu kwa hiyo fanya hizo kwanza.

Video kwa anayeanzia chini, Khan Academy. Ukitaka kukaa darasani kabisa, MIT OpenCourseWare wana kozi 18.01 ya profesa David Jerison, ina mitihani na masuluhisho yake, bure. 3Blue1Brown, chaneli ya YouTube, ni tamu mno, unaona kwa macho derivativu inatoka wapi, ila maswali ya kufanya hamna, unamaliza video unajiona umeiva, shika kalamu sasa 😅

mchovu_wa_x
@nusu_kipenyo nimeweka kipeo cha pili pande zote nikapata x² + x − 6 = 0, majibu x = 2 na x = −3. Sawa?

nusu_kipenyo
Nilijua 😂 Rudisha −3 kwenye swali lenyewe. Kushoto √4 ni 2, kulia −3 + 1 ni −2. Jibu ni 2 peke yake.

mchovu_wa_x
Sasa −3 imetoka wapi wakati hesabu zangu hazina kosa??

binti_integrali
Fungua Desmos, bure pia, chora y = √(x+7) na y = x + 1, zinakutana sehemu moja tu, kwenye x = 2. Ongeza y = −√(x+7), utaona huo upande wa chini ndo unaukata mstari kwenye −3. Ulipoweka kipeo cha pili alama ya kutoa ilipotea, ukawa umekaribisha na huyo wa chini bila kujua.

mchovu_wa_x
Duh, nimechora nimeiona. Asanteni sana. Nachukua OpenStax ya aljebra basi, milinganyo naona iko sura ya 2, nianzie hapo?

nusu_kipenyo
Anzia ya 1. Najua inaonekana ya watoto, mambo ya vipeo, vipeuo na sehemu, ila humo humo ndo kuna yule anayeona (x+3)/3 anakata 3 kwa 3 anabaki na x.

mchovu_wa_x
Kwani haikatwi?

chaki_nyeupe
Sura ya 1 mkuu 😂😂